Dola Elfu Saba za Ua wa Pili

Saa kumi na moja jioni, Ijumaa ya kwanza ya mwezi, Delmira Rocabado alikifungua kitambaa chake cha awayo mbele ya wakili aliyekuja kushuhudia malipo, akakuta fungu moja mahali pa mawili.

Fungu lililobaki lilikuwa la mafundi, dola elfu moja na mia mbili, limefungwa kwa mpira wa kijani kama alivyoliacha. Lililotoweka lilikuwa la dola elfu saba. Delmira alikung'uta kile kitambaa cha kufumwa, akakigeuza, akakikung'uta tena. Halafu akaketi chini kwenye vigae vya ua na sketi yake mpya, akasema taratibu kwamba ile ilikuwa miaka yake ya Bergamo. Wakili hakumwelewa, ila alielewa kwamba polisi lazima waitwe.

Inspekta Nicanor Zurita alifika akiwa bado na makombo ya mkate wa jibini kwenye tai. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miaka hamsini na saba, na kila alipoingia katika nyumba ya zamani ya Cochabamba alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni kidogo na kuvuta hewa. Wenzake walimtania kwamba anapeleleza kwa pua. Ukweli ni kwamba alikuwa akikumbuka. Nyumba za namna ile zina harufu yake, ya udongo mbichi, maua ya jeraniamu na nta ya sakafu, na kila mwaka zinapungua. Zinavunjwa, yanapandishwa maghorofa ya vioo, nasi tunapita kando tukijidai hatuumii.

Hii ilikuwa na nyua mbili. Ua wa mbele ulikuwa na vyumba vitano vilivyopakwa rangi juzi. Ua wa pili ulikuwa na mtini, birika la kufulia na vyumba vitatu vyenye mapazia ya kushonwa kwa mkono.

"Nyumba ni yako?" Zurita alimuuliza Delmira.

"Ni yangu. Ya kwanza."

"Tangu lini?"

"Miezi minane, afande."

"Na ulianza kupangisha?"

"Ndiyo nilikuwa naanza."

Alimweleza yote kwa mpigo, kama mtu anayetapika. Alikuwa na miaka thelathini na tano. Kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa Italia akiwaogesha na kuwalisha wazee wa watu. Wenzake walinunua magari, yeye aliweka. Aliporudi alitaka nyumba moja tu, aigawe vyumba, apangishe, ale kodi yake akiwa amekaa, asimwogeshe tena mtu. Akaipata hii kwa bei nzuri kwa don Leocadio Arnez, mzee asiye na mke wala mtoto, kwa sharti kwamba mzee abaki katika chumba cha mbele mpaka atakapofariki. Delmira aliona amebahatika. Alisaini bila kupitia kwanza kwa msajili wa hati kuona nyumba ina mzigo gani.

Mzigo ulikuwa umekaa ua wa pili, ukimwagilia maua. Ni doña Casta Orellana, mwenye antikretiko.

Zurita alitikisa kichwa kwa huruma. Nani hajui antikretiko katika mji wetu? Unamkabidhi mwenye nyumba fungu la dola, unakaa miaka miwili bila kulipa kodi hata senti, na muda ukiisha anakurudishia fungu lako lote ndipo unatoka. Asipokurudishia, hutoki. Nyumba ikiuzwa, wewe huuzwi wala hufukuzwi. Anayenunua nyumba amenunua na deni unalodai. Asiyejua hilo ni mgeni wa kazi, na Delmira alikuwa mgeni wa kazi.

"Mkataba wake unakwisha lini?"

"Jumatatu saa sita mchana. Nisipomlipa kabla ya hapo, unajiendeleza wenyewe kwa miaka miwili mingine."

"Na vile vyumba vitatu umeshavipangisha."

Delmira aliinamisha kichwa. Wanafunzi watatu wa uuguzi walikuwa wahamie Jumatatu hiyohiyo jioni, na pesa zao za kutangulia zilikuwa zimekwisha kwenye mabomba. Na kibaya zaidi, mkataba ulisema dola, na siku hizo dola zilikuwa zimeadimika mjini. Benki hazitoi. Alikuwa amezizungukia miezi sita, mia kwa huyu aliyerudi kutoka Madrid, hamsini kwa yule wa kona ya wabadilisha fedha. Zikipotea, hana pa kuzipata tena. Atadaiwa na wanafunzi, atadaiwa na mafundi, nyumba ataiuza kwa hasara na kurudi Bergamo kuogesha wazee.

"Kwa nini zilikuwa nje, mezani?"

"Nilitaka zipate moshi."

Zurita hakucheka. Ilikuwa Ijumaa ya kwanza, siku ya k'oa, na hakuna mtu wa Cochabamba anayeanza biashara bila kumfukizia Pachamama, Mama Dunia: makaa, ubani, peremende, mafuta ya lama, na chicha kidogo, ile pombe ya mahindi, kila pembe ya nyumba. Delmira aliona ni vizuri pesa zibarikiwe kabla hazijatoka. Aliziweka mezani penye upenu, ndani ya awayo, ambako moshi ungezipitia. Kwa kuwa Italia ilikuwa imemsahaulisha utaratibu, alimwomba don Leocadio apange sadaka. Yeye na fundi wake walizunguka pembe zote nne na chicha. Waliporudi mezani wakili alikuwa anagonga lango.

"Lango lilikuwa limefungwa?"

"Kwa komeo, kutoka ndani. Nilimfungulia mimi."

Basi mwizi hakutoka. Watu walikuwa wanne tu: Delmira, don Leocadio, doña Casta na fundi Rufo Condarco, mwashi aliyebaki kusubiri malipo yake. Sajini Betsabé Nogales alichukua alama za vidole za wote, akaichukua awayo na kuitia kwenye mfuko wa ushahidi. Aliwapekua mifuko na nguo. Hakukuta kitu.

Rufo ndiye aliyehojiwa kwanza, maana ndiye aliyekuwa na sura ya kushukiwa. Alikuwa na kovu shavuni na deni katika kila kilabu cha chicha.

"Ulikaa wapi wakati wa k'oa?"

"Nyuma ya dada, afande. Nilibeba mtungi."

"Uliona pesa?"

"Kila mtu aliziona. Dada amezihesabu hadharani kama anauza nyanya."

"Unadaiwa?"

"Nadaiwa sana." Rufo alijikuna kovu. "Lakini fikiria, afande. Mwizi ameacha fungu la mafundi. Lile ni langu mimi. Mimi ndiye mjinga wa kuiba la mwenzangu nikaacha la kwangu?"

Zurita aliandika hilo katika daftari, akalipigia mstari. Lilikuwa jambo la maana kuliko kovu.

Doña Casta alikuwa na miaka sabini na mmoja, nywele katika misuko miwili myeupe, mgongo umenyooka. Alikataa kuketi.

"Chumba changu hakipekuliwi bila hati ya mwendesha mashtaka," alisema. "Samahani, mwanangu. Mimi nimeishi kwa karatasi miaka thelathini na minane, najua kazi yake."

"Ni haki yako, mama. Uliona nani karibu na meza?"

"Moshi."

"Na wewe ulipita hapo?"

"Nijiibie? Ikifika saa kumi na moja zingekuwa zangu."

"Ungekwenda wapi nazo?"

"Santa Cruz, kwa binti yangu. Ana chumba, ana feni." Akaongeza bila kuulizwa kwamba alikuja pale akiwa mjane wa miaka thelathini na mitatu, na mtoto mgongoni.

Wa mwisho alikuwa don Leocadio. Miaka sabini na sita, suti ya kahawia iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, goti moja bovu. Maisha yake yote alikuwa mpiga chapa wa mlangoni pa mahakama, na meza yake na taipureta yake, akiwaandikia watu mikataba.

"Mikataba ya doña Casta uliiandika wewe?"

"Yote kumi na tisa."

"Kila miaka miwili uliongeza."

"Sikuwa na pesa ya kumrudishia. Hali ilikuwa ngumu, Inspekta. Unaukumbuka mwaka themanini na sita."

"Naukumbuka. Leo ulisogelea meza?"

"Hata kidogo. Nilipanga sadaka kwenye makaa, nikakaa kwenye kigoda. Goti hili haliniruhusu. Walizunguka binti na fundi."

"Kwa hiyo ulibaki peke yako."

"Mimi na moshi," alisema mzee, naye akatabasamu.

Zurita alimweka askari langoni, akaagiza mtu asitoke, akaenda zake. Njiani Sajini Nogales alimweleza maoni yake. Aliona ni yule bibi. Angejiibia zile dola, kisha adai tena kwa mwenye nyumba, apate mara mbili.

"Inawezekana," Zurita alisema. "Ila mwizi wa pesa haachi elfu moja na mia mbili."

"Basi ameiba nini?"

Zurita alikuwa amekumbuka jambo ambalo halikumjia akilini kwa miaka mingi, akaona haya kidogo, na mwishowe akamsimulia.

Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa antikretiko. Mama yake alikuwa na fungu moja tu duniani, nalo lilihama nao. Miaka miwili nyumba hii, miaka miwili ile. Kabla hajafika miaka kumi na minane alikuwa amelala katika nyumba tisa. Aliyoipenda ilikuwa moja, karibu na reli, yenye mzabibu juu ya ua na binti wa jirani aliyeitwa Tomasa, aliyemfundisha kupiga mluzi. Siku ile mwenye nyumba alipoleta pesa, mama yake aliita majirani kushuhudia, akazihesabu, akaziweka juu ya kitanda. Nicanor alikuwa na miaka tisa. Alizichukua akazificha ndani ya kinu.

"Uliiba?"

"Sikuiba. Sikutaka tuhame." Alitazama njia. "Mama alizitafuta mpaka adhuhuri, akilia. Nilipozitoa hakunipiga. Nadhani naye hakutaka kuhama."

Nogales alimtazama bosi wake kwa jicho jipya.

"Siku ya kurudishiwa pesa ndiyo siku ya kuondoka," Zurita alisema. "Pesa zikikosekana, hakuna anayeondoka. Mwizi wetu hakutaka dola, Betsabé. Ameiba Jumatatu."

Asubuhi ya Jumamosi maabara ilileta majibu yake. Fundo la awayo na upande wake wa ndani vilikuwa na mafuta. Hayakuwa ya kupikia. Yalikuwa mafuta ya lama, na katikati yake kulikuwa na alama ya kidole gumba cha kulia, iliyo wazi kabisa. Mafuta yale aliyashika mtu mmoja tu, yule aliyepanga sadaka.

Walirudi na hati ya upekuzi. Don Leocadio alikuwa uani ameketi, suti ileile. Alipoiona karatasi mkononi mwa Zurita aliinyoshea mkono, akaisoma yote toka juu hadi chini kwa mazoea ya kazi, akasema imeandikwa vizuri.

"Don Leocadio, ulisema hukusogelea meza."

"Nilisema."

"Kidole chako kiko ndani ya awayo."

Mzee alivitazama vidole vyake. Fundi Rufo aliacha kuchanganya saruji. Doña Casta alikuwa amesimama penye mlango wa ua wa pili, mikono ndani ya aproni, na Delmira, ambaye hakuwa amelala, alisimama nyuma ya kiti cha mzee.

"Ziko kwenye kasha la taipureta," don Leocadio alisema. "Chini ya kitanda. Hesabuni, hazijapungua."

Nogales alikwenda, akarudi na kasha la ngozi. Ndani yake hapakuwa na taipureta. Palikuwa na dola elfu saba, na chini yake mikataba kumi na tisa ya vyumba vya ua wa pili, imepangwa kwa miaka.

Delmira alilichukua fungu akalibana kifuani, akaanza kulia kwa sauti bila kujizuia. Zurita alisubiri amalize.

"Kwa nini, mzee?"

"Unajua kwa nini."

"Nataka kuandika maelezo yako."

Don Leocadio alizungumza akiangalia mtini. Alisema kwamba mwaka tisini na mbili aliuza kiwanja chake cha Quillacollo, akapata pesa ya kumrudishia doña Casta, na ikabaki. Alikuwa nayo mezani wiki tatu. Doña Casta alipouliza, akamwambia bado, hali ngumu, tuongeze miaka miwili. Kila mara ilikuwa hivyo. Pesa alikuwa nayo mara tano au sita katika maisha yake, na kila mara alipiga chapa mkataba mpya. Mtu aliyerudishiwa fungu lake huondoka, na yeye hakutaka kuona lile pazia limeshushwa.

"Basi kwa nini uliuza nyumba?"

"Macho, Inspekta. Upasuaji, halafu wapwa wanaosubiri nife. Nilipata wanunuzi wanne. Watatu walikuwa watu wa kazi hii. Walikwenda kwa msajili kabla hata ya kuniamkia, wakaona mzigo, wakasema siku ya kwanza tutamlipa bibi atoke." Aligeuka kumtazama Delmira. "Wa nne alikuwa binti huyu. Hakuuliza chochote. Nikamwuzia kwa bei ya chini. Nilijua hatakuwa na dola miaka na miaka."

Delmira aliacha kulia.

"Mimi nilidhani nimepatana bei," alisema.

"Ulipatana vizuri, binti yangu. Ila—"

"Ulinichagua kwa sababu sijui kitu."

"Ndiyo."

"Nimefuta mavi ya watu miaka kumi na mmoja kununua nyumba hii."

"Najua. Sina cha kusema."

Delmira alimtazama muda mrefu. Naomba niseme kwamba ningekuwa mimi ningempiga kiti. Yeye alijifuta uso kwa kiganja, akampelekea doña Casta lile fungu, akaliweka mikononi mwake mbele ya Inspekta na sajini na fundi, kisha akamtuma Rufo amwite wakili. Alilipa Jumamosi saa nne asubuhi, siku mbili kabla ya wakati. Doña Casta alihesabu noti moja moja, akasaini, akamshukuru. Nyumba ikawa ya Delmira kweli, kwa mara ya kwanza.

Ndipo bibi akamgeukia don Leocadio.

"Mwaka tisini na mbili," alisema, "nilijua una pesa. Aliyenunua kiwanja chako alikuwa binamu yangu."

Mzee aliinua kichwa. "Hukusema."

"Nilikuwa nasubiri. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, Leocadio. Nilijishonea gauni la bluu. Nilifikiri utanirudishia zile pesa, nitoke kwa lango la mbele kama mtu huru, nikapange hata nyumba ya pili kutoka hapa, nawe uje kubisha hodi kama mwanamume anavyobisha. Mjane aliyekaa bure katika nyumba ya mwanamume hawezi kumkubali mwanamume huyohuyo. Watu wangesema ndiyo kodi ninayolipa. Mwanangu angeambiwa hivyo shuleni."

"Casta."

"Ukaniletea karatasi. Nikasema labda hayuko tayari, labda miaka miwili ijayo. Ukaniletea nyingine. Mara kumi na tisa nimesaini, na kila mara niliona hunitaki."

Zurita alikuwa ameshika kalamu lakini hakuandika.

"Na sasa?" don Leocadio aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sasa nina miaka sabini na mmoja," doña Casta alisema, "na binti yangu amenunua feni."

Aliingia chumbani kwake, akashusha pazia na kuanza kulikunja.

Kesi haikufika mbali. Delmira hakutaka kushtaki, na mwendesha mashtaka, aliyekuwa na mafaili ya watu waliouana, alikubali upatanisho. Delmira alitoa sharti moja tu, nalo liliandikwa: kuanzia siku hiyo don Leocadio atamsomea kila hati kabla hajasaini, ya mpangaji, ya fundi, ya nyumba ya pili ikija kupatikana, na atamwambia ukweli. Mzee aliupiga chapa mkataba huo mwenyewe, haukuwa na kosa hata la nukta.

Jumatatu asubuhi Zurita alipita kufunga jalada. Hakukuwa na haja ya kwenda yeye. Angeweza kumtuma karani. Alikuta teksi imesimama nje na mizigo ya doña Casta imepangwa katika ua wa mbele: masanduku mawili, godoro limefungwa kamba, kikapu cha vyombo. Bibi alikuwa amevaa kofia ya kusafiria. Aliwaaga wote, mmoja mmoja, akamwachia Delmira maua na maelezo ya jinsi kila moja linavyonyweshwa. Kwa don Leocadio alinyosha mkono, naye akaupokea kwa mikono yake miwili.

Rufo aliinama kubeba masanduku. Mzee alimsogeza kando. Aliyabeba yeye, moja baada ya jingine, kutoka uani hadi kwenye teksi, na goti lake lile, akisimama kupumua kila hatua kumi. Ilichukua muda mrefu. Doña Casta alikaa ndani ya gari akitazama mbele, hakumharakisha dereva.

Zurita, Delmira na fundi walisimama langoni mikono mitupu. Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu kila mtu aliona hataki kusaidiwa.